Elieza Kamati na Mtego wa Gome

Jina lake la ubatizo lilikuwa Elieza, na la baba yake Kapela, lakini katika kijiji cha Umoja, mwendo wa saa mbili kwa baiskeli kutoka Sikonge, karibu kila mtu alimwita Kamati. Wageni walidhani kwamba aliwahi kuwa mjumbe wa kamati fulani ya kijiji. Hakuwahi. Kamati iliyompa jina ilikuwa na wajumbe wawili tu, yeye na mkewe Tekla, na ilikutana nyuma ya jiko kujadili mitego ya panya.

Ilikuwa Oktoba 1974, mwezi wa pili tangu watu wahamie kijijini. Balozi wa nyumba kumi, Shaban, mwanamume wa Kimanyema aliyezaliwa Tabora mjini na kuoa huku, alianza kuletewa habari kwamba Mzee Elieza na mkewe hutoka nje kila siku jua likielekea kuzama, huzunguka nyuma ya jiko lao, husimama karibu karibu na kunong'ona. Siku zile watu walikuwa wametoka kuhamishwa, wengine bila furaha, na mnong'ono wowote ulikuwa na uzito wake. Shaban alivaa shati lake lenye kola, akaenda.

"Shikamoo, Mzee Elieza."

"Marahaba, Balozi. Karibu."

"Nimeshakaribia. Mzee, nasikia mnakutana hapa kila siku. Mnazungumza nini?"

Elieza aliitazama nyumba yake, kisha akamwashiria balozi amfuate. Walitembea hatua kama thelathini, mpaka kwenye kisiki kilichokuwa hakijang'olewa.

"Panya," alisema kwa sauti ya chini.

"Panya gani?"

"Polepole, Balozi."

Shaban naye akashusha sauti. "Kwani kuna nani mle ndani?"

"Panya."

Hapa yafaa kueleza jambo ambalo msomaji wa mjini huenda amelisahau. Huku kwetu, watu wazima wenye akili timamu hawataji mtego ndani ya nyumba. Panya husikia. Ukisema mbele yao kwamba utawatega, watakuja wakati umelala na kukukatia nguo, tena huanza na ile uipendayo. Tekla aliliamini jambo hilo kwa ushahidi: alipokuwa msichana kwao Lusu, upande wa Nzega, dada yake alitaja habari za kuleta paka, na wiki hiyohiyo kanga mpya ya dada ikageuka kuwa matambara. Elieza, aliyekuwa mzee wa kanisa la Moravian, alisema wazi kwamba haamini mambo hayo. Lakini koti lake la Jumapili lilikuwa moja tu, kwa hiyo alitoka nje na mkewe.

"Na mmefikia wapi?" Shaban aliuliza.

"Bado hatujamaliza. Jana mke wangu, Mama Justus, ameleta hoja moja, nayo inahitaji kufikiriwa."

"Mmekaa siku ngapi?"

"Leo ya tisa."

"Siku tisa!" Shaban alisahau kunong'ona. "Hata serikali ya kijiji haijakaa siku tisa. Kumbe hii ni kamati!"

Aliondoka akicheka, na kwa kuwa nyumba za kijiji zilikuwa zimepangwa mstari mmoja kufuata njia ya zamani ya misafara, jina lilisafiri nyumba hadi nyumba bila kupotea. Kesho yake asubuhi Elieza alisalimiwa "Kamati" na mtu wa nyumba ya kumi na saba, ambaye walikuwa hawajafahamiana.

Elieza alikuwa mrina asali tangu ujana wake. Alijifunza kazi hiyo kwa baba yake: kubandua gome la myombo bila kulipasua, kulikunja kuwa mzinga, kuziba ncha zake kwa majani yaliyosukwa, kupaka nta mlangoni ili nyuki wanaotafuta makao wavutwe na harufu, kisha kuuning'iniza mtini na kusubiri. Kusubiri ndiko alikokuwa bingwa. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye kutafuna maneno mara kadhaa kabla ya kuyatoa, na hakuna aliyepata kumwona akikimbia, ingawa kazi yake ilimpa sababu nyingi. Mwanawe wa pekee, Justus, alikuwa akifanya kazi reli, Usoke, na alikuja nyumbani mara moja kwa mwaka.

Kabla ya kuhama, yeye na Tekla walikaa peke yao porini, na nafaka yao ilikaa kwenye kihenge kilichosimama juu ya miguu ya mti, mbali na nyumba. Lori la kuhamisha watu lilibeba watu, vyombo, kuku na magunia. Kihenge halikukibeba. Jambo hilo lilizikuta kaya zote: kila mmoja alifika na chakula chake, akaambiwa ajenge nyumba kwanza, na chakula kikaingia ndani ya nyumba kulala na watu. Panya wa pori zima, ambao zamani walilazimika kutembea mbali ili kupata kaya moja, sasa walikuta kaya arobaini na mbili zimepangwa mstari.

Kufikia wiki ya tatu mahindi ya mbegu ya Elieza yalikuwa yamekwisha. Yalibaki magamba na unga mwembamba chini ya gunia. Kilichobaki kilikuwa gunia moja la karanga zenye maganda, zile ndogo nyekundu ambazo Tekla alizirithi kwa mama yake Lusu na kuzipanda kila mwaka bila kuzichanganya na nyingine. Elieza alilining'iniza kwenye boriti ya juu kabisa, chini ya nyasi za paa, kwa kamba ya gome. Siku tatu baadaye Tekla aliokota maganda sakafuni.

Uzito wa jambo hili haukuwa katika karanga peke yake. Kila kaya ilikuwa imegawiwa shamba lake la eka moja kwa kura, na kura ya Elieza ilikuwa imeangukia kichanga kizuri kando ya mbuga, pahali ambapo karanga hung'oka kwa vidole bila jembe. Mkutano wa kijiji uliamua kwamba shamba litakalokutwa halijapandwa ifikapo tarehe kumi na tano Desemba litapewa kaya nyingine. Mbegu za msaada zilikuwa zimeahidiwa, na ahadi ilikuwa bado ipo njiani. Kwa hiyo hesabu ya Tekla ilikuwa fupi: bila gunia lile hakuna cha kupanda, na bila kupanda hakuna shamba. Aliyefuata kwenye orodha ya kungojea alikuwa jirani yao Raymundi, Mkatoliki mpole ambaye kura yake ilimpa eka moja ya mawe. Raymundi hakuwahi kusema neno. Ila kila alipopita kwenye kichanga kile, alipunguza mwendo.

Ndiyo maana kamati ilikaa siku tisa.

Hoja zilizojadiliwa zilikuwa hizi. Paka: kijiji kizima kilikuwa naye mmoja, wa Raymundi, na tayari alikuwa akihudumia nyumba kumi na nne. Jiwe bapa lililoegeshwa kwenye kijiti: zuri sakafuni, lakini boriti ni nyembamba na jiwe likianguka litaanguka juu ya mtu. Mtego wa upinde: unahitaji njia moja ambayo panya hupita kila mara, na panya wa juu wana njia nyingi kama nyasi za paa. Hoja ya Tekla, ile ya siku ya nane, ilikuwa chungu. Kifukiwe ardhini mpaka shingoni, kitiwe maji nusu, na juu yake kilazwe kijiti chembamba chenye gunzi lililopakwa mafuta ya karanga, kizunguke panya akikikanyaga.

"Panya wako juu, Mama Justus," Elieza alisema. "Mtego huwekwa aliko mnyama."

"Wako juu wakila. Wanakunywa wapi?"

Elieza alifikiri. Ilikuwa Oktoba, na tangu Mei halikuwa limeanguka tone.

"Panya hunywa kidogo sana," alisema mwishowe.

"Hata kidogo hicho, juu ya boriti hakipo."

"Nitakwenda Tabora na asali wiki hii. Nitaona mitego ya chuma. Halafu tutazungumza."

"Sawa," alisema Tekla.

Tekla alipokuwa hajakubali, alieleza sababu. Alipokuwa ameamua jambo lake, alisema sawa. Elieza alikuwa ameishi naye miaka ishirini na sita na alikuwa hajaitambua tofauti hiyo.

Tabora mjini aliingia katika duka la Mzee Humaidi, ambaye babu yake alikuja na misafara kutoka Maskati kupitia Unguja, akaona hakuna haja ya kurudi. Duka hilo liliuza kila kitu chenye msumari.

"Nataka mtego," Elieza alisema baada ya salamu ndefu.

"Wa panya au wa mkwe?"

"Wa panya."

"Kuna huu wa ubao, unaua. Kuna huu wa waya, unakamata tu. Panya anabaki mzima, unamtazama."

"Nikishamtazama?"

"Hapo ndipo wateja wengi hurudi kuchukua wa ubao."

Elieza aliuchukua ule wa ubao, akauzungusha. Aliuliza kama springi huchoka. Aliuliza kama chambo kifungwe kwa uzi au kibandikwe. Aliuliza kama mtego uelekee ukutani au uuchukue ukuta ubavuni, na kama dagaa ni bora kuliko nyama, na kama harufu ya mkono wa mtu humfukuza panya. Mzee Humaidi alijibu maswali matano ya kwanza, akaketi kwa la sita.

"Mzee wangu," alisema, "nimeuza mitego hii tangu enzi za Mwingereza. Watu hununua, huenda zao. Wewe ukishauelewa, uje unieleze na mimi."

Elieza hakuliona hilo kuwa dhihaka. Aliahidi kuja.

Mtego ule aliutega kwenye boriti, hatua mbili kutoka kwenye gunia, wenye kichwa cha dagaa kilichofungwa kwa uzi. Alfajiri ya kwanza ulikuwa na panya. Ya pili vilevile. Ya tatu haukuwapo. Alipanda, akapapasa boriti yote, akatafuta sakafuni, akamwuliza Tekla kwa ishara. Siku mbili baadaye Raymundi, aliyekaa nyumba ya nne kutoka pale, alikuja ameushika kwa ncha za vidole.

"Kamati, hiki nadhani ni chako. Kilikuja kwangu kimevaliwa."

"Kimevaliwa vipi?"

"Mguuni. Nimesikia ta, ta, ta juu ya paa langu, mke wangu Apolinaria akasema huyo ni mtu, mimi nikaanza rozari. Nimefika tendo la tatu, kikaanguka jikoni na mwenyewe."

"Na mwenyewe yuko wapi?"

"Paka amemchukua. Lakini, ndugu yangu, hukuufunga kamba?"

Miongoni mwa maswali yote aliyouliza dukani, hilo halikuwamo. Elieza alimshukuru, akauchunguza mtego, akakuta springi imepinda kwa safari. Aliufunga kwenye kitambaa, akauweka. Kisha akaenda nyuma ya jiko kutoa taarifa.

"Mtego wa chuma haufai," alisema. "Ni kazi ya watu wasiomjua mnyama mwenyewe. Nitatengeneza wangu."

"Sawa," alisema Tekla.

Aliutengeneza kwa siku mbili, na ulikuwa mtego mzuri. Alikunja gome la myombo, urefu wa mkono, akaziba ncha moja kwa majani yaliyosukwa. Ncha ya pili aliwekea kilango cha kuteremka, kilichoshikiliwa na uzi uliokwenda mpaka ndani, kwenye chambo: panya akivuta chambo, uzi unaachia, mlango unashuka. Kuhusu chambo chenyewe alifikiri sana. Dagaa alikuwa amekwisha kumjaribu. Karanga panya walikuwa nazo gunia zima. Ndipo alipokumbuka kwamba katika maisha yake yote porini, mizinga mitupu aliyoikuta imetafunwa ilikuwa imetafunwa na panya, na walichokuwa wakikitafuta ni nta. Alipaka nta mlangoni, akapaka na ndani, akaongeza asali kidogo, akauning'iniza mtego chini ya paa, shubiri moja kutoka kwenye gunia, mlango ukiwa wazi kumngoja panya.

Mtu yeyote anayeusoma mchoro huu sasa hivi ataona kilichotengenezwa. Elieza mwenyewe, alipoulizwa baadaye, alikiri kwamba aliona unafanana na mzinga, ila aliliona hilo kuwa sifa. Na si kwamba alikuwa mjinga. Kwa miaka thelathini nyuki walikuwa viumbe wa mbali, wa kufuatwa kwa mwendo wa siku nzima. Hakuwahi kuwaona wakija kwa watu. Jambo ambalo hakulipima ni kwamba kijiji kilikuwa kimejengwa katikati ya pori lake mwenyewe, na miti iliyokatwa kwa ajili ya nguzo na fito za kaya arobaini na mbili ilikuwa na mapango, na katika mapango hayo walikuwamo wenyeji ambao nao walikuwa wamehamishwa.

Walifika tarehe kumi na mbili Novemba, saa nne asubuhi. Tekla alikuwa akifagia. Alisikia mvumo kama lori lililo mbali, akatoka kuliangalia, akaona wingu linashuka barabarani usawa wa mapaa, likipita nyumba moja baada ya nyingine kama kwamba linasoma namba. Lilipofika kwake likaingia chini ya paa. Tekla aliweka ufagio chini na kwenda nyuma ya jiko, akakaa juu ya kinu mpaka mumewe aliporudi.

"Kamati imepata wageni," Shaban alisema, akiwa amesimama ng'ambo ya barabara.

Elieza alichungulia mlangoni, akasikiliza kwa muda mrefu. "Ni kundi zuri," alisema.

Kuanzia siku hiyo walilala jikoni. Wiki ya kwanza Elieza hakuwa na wasiwasi. Hakuna ganda lililookotwa tena sakafuni, kwa kadiri ilivyoweza kuonekana kutoka mlangoni, naye alianza kuamini kwamba amegundua kitu: nyuki wanalinda gunia. Aliliwaza hilo kwa utaratibu wake wote. Alifikiri hata kumwandikia bwana shamba wa Sikonge.

Tarehe ishirini na nne mvua ilianza. Kijiji kizima kilishika majembe, na Tekla akasimama mlangoni akilitazama gunia lake, ambalo lilikuwa salama na halikuweza kushikwa. Nyuki wa huku si wa kuombwa radhi. Raymundi alipojaribu kumsaidia kwa kusukuma gunia kwa mti mrefu kutoka dirishani, alipewa ya jicho, ya sikio na mbili za shingoni, na akakaa ndani siku mbili.

"Kesho nitawasha mwenge wa gome," Elieza alisema. "Moshi utawalegeza, nitawatoa."

Shaban alikuja palepale, habari ikiwa imemfikia.

"Mzee wangu, moto chini ya nyasi kavu, na mapaa yote mstari mmoja? Hapana. Nyumba ya Omari iliungua Septemba, umeiona mwenyewe. Ukiwasha mwenge mle ndani, mimi balozi nitakuwa nimeunguza kijiji cha Serikali."

"Basi nitawawekea mzinga mkubwa mtini, nyuma. Wakiona ni bora, watahama wenyewe."

"Lini?"

"Huwezi kuwaharakisha."

Shaban alivua kofia yake ya kufuma, akaishika mikononi. Sauti yake ilibadilika. "Mzee Elieza, tarehe kumi na tano nitapita na mwenyekiti. Nitaandika nilichokiona. Ukiwa na mche mmoja, nitaandika mche. Usiponionyesha kitu, sina la kuandika. Na ninajua shamba litakwenda kwa nani, na yeye ni mtu mwema, na sitaki."

Shaban alipoondoka, Tekla alimshika mumewe kiwiko cha mkono, akampeleka nyuma ya jiko, ingawa siku hizo hapakuwa na haja.

"Leo ni tarehe moja," alisema. "Kubangua gunia lile ni siku tatu. Kupanda ni siku tano, tukisaidiana. Hesabu."

Elieza alihesabu.

"Mzinga wako mtini watauhamia lini?"

"Wanaweza kuuhamia mwezi ujao. Wanaweza wasiuhamie."

"Basi tufungue paa kwa nje."

"Mama Justus! Mvua hii?"

"Nyasi ziko porini. Mbegu ya mama haiko porini."

"Maji yataingia ndani."

"Ndani hatukai."

Elieza alitafuta hoja nyingine. Kisha akasema neno ambalo kwa kawaida halikuwa lake.

"Sawa."

Alingoja asubuhi ya baridi, kwa sababu nyuki huingia ndani kukiwa na manyunyu na hubaki wameshikamana. Ilipatikana tarehe nne. Saa kumi na mbili na nusu, mvua nyembamba ikinyesha, aliegemeza ngazi ukutani, akajifunga shuka ya kaniki kichwani, akapanda. Tekla alisimama chini akiwa na kamba ndefu. Shaban alisimama barabarani. Raymundi alichungulia kwa jicho lililokuwa limefunguka.

Elieza alizitoa nyasi fungu kwa fungu, taratibu, mpaka akapata tundu la kuingiza mabega. Mtego wa gome ulikuwa palepale, umekuwa mzito. Aliingiza kidole, akaugusa uzi. Kilango kiliteremka vizuri, bila kukwama, na kufunga. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho kwa mtego ule kufanya kazi iliyokusudiwa. Aliziba nyufa kwa udongo mbichi, akakata kamba yake, akaukumbatia. Kisha akafunga kamba ya Tekla kwenye gunia, na gunia likashuka.

"Limefika?" aliuliza bila kupaza sauti.

"Limefika."

"Wewe mzima?"

"Teremka kwanza, Baba Justus, maswali baadaye."

Aliteremka, akapita mbele ya watu waliokuwa wakirudi nyuma kwa heshima, akatembea na nyuki wake mwendo wa nusu saa hadi kwenye pori lililosalia, akawatundika kwenye myombo, akafungua kilango na kuondoka. Alirudi na miiba saba. Aliihesabu Tekla, akiitoa kwa kucha.

Walipofungua gunia walikuta tundu moja chini, na karanga zilizopotea hazikuzidi robo. Elieza alikaa akilitazama tundu hilo.

"Unaona," alisema. "Tangu nyuki waingie, panya hawakugusa. Nilijua. Mnyama mdogo akilindwa na..."

"Njoo huku," alisema Tekla.

Walizunguka nyuma, wakapita mahali pa mikutano yao, wakafika kwenye uchanja wa vyombo. Chini ya uchanja, pale maji ya kuoshea yanapodondoka, kulikuwa na ungo umefunika kitu. Tekla aliuondoa. Kilikuwa chungu, kimefukiwa mpaka shingoni, maji nusu, kijiti juu yake, na gunzi. Ndani walikuwamo panya wawili wa jana.

Elieza aliinama, akakichunguza. Alikisukuma kile kijiti kwa kidole. Kilizunguka.

"Tangu lini?"

"Tangu ulipokwenda Tabora."

"Wangapi?"

"Pamoja na hawa wawili, sitini na nne. Huwa nawazika kabla hujaamka."

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Ndani haisemwi. Na huku nje kila tukija, ulikuwa na taarifa wewe."

Elieza aliendelea kuinama. Alionekana kama mtu anayesoma barua iliyoandikwa kwa mwandiko mdogo.

"Wanashuka kunywa," alisema.

"Wanashuka kunywa."

"Sasa mvua imekuja. Maji yako kila mahali."

"Ndiyo maana tumeharakisha gunia," alisema Tekla, akafunika ungo. "Kaa ubangue."

Walibangua siku tatu. Apolinaria, mke wa Raymundi, alikuja siku ya pili na watoto wake wawili wa kike na ungo wake, bila kuitwa, na Raymundi mwenyewe alikuja jioni akiwa na fungu la nyasi begani kwa ajili ya paa. Elieza alimtazama mtu aliyekuwa wa kwanza kwenye orodha akipanda ngazi yake.

"Raymundi," alisema, "tukivuna, njoo uchukue mbegu. Karanga hizi ni ndogo, hata kwenye mawe zitapata pa kupenya."

"Kamati imeamua?"

Elieza alimtazama Tekla, aliyekuwa akipepeta.

"Imeamua," alisema Tekla.

Tarehe kumi wote wanne walikuwa kwenye kichanga. Tekla na Apolinaria walitangulia na majembe wakifungua mashimo, hatua moja ya mguu kati ya shimo na shimo. Wanaume walifuata wakidondosha mbegu mbilimbili na kufukia. Mbegu haikutosha eka nzima. Ukingo wa juu, mistari sita, ulibaki wazi, na Tekla akaujazia viazi vitamu kwa mashina aliyopewa na mke wa Shaban.

Tarehe kumi na tano Shaban alikuja na mwenyekiti na daftari. Kwenye mistari ya mwanzo kichanga kilikuwa kimeanza kuinuka na kupasuka pale miche ilipokuwa inajitokeza. Mwenyekiti alitembea mstari mmoja hadi mwisho, akachutama, akasukuma kichanga kwa kidole, akasema, "Karanga." Shaban akaandika. Elieza hakuja kuwalaki. Alikuwa ukingoni juu, amepiga magoti kwenye mstari wa sita wa viazi, akilaza shina la mwisho ardhini. Alilifunika kwa udongo, akalikandamiza kwa viganja viwili, akachukua kijiti na kukwangua matope kwenye jembe lake, upande mmoja, kisha upande wa pili, mpaka likawa safi.